Shuka Jeupe

Papai unalokula asubuhi lina deni kwa mdudu wa usiku. Mipapai mingi ina jinsia, huu dume na ule jike, na chavua haiwezi kutoka huku ikafika kule bila mbebaji. Maua yake hunukia zaidi jua linapozama, saa ambayo nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Mwaka 2009 Dino Martins, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, pamoja na mwenzake Steven Johnson, walichapisha utafiti walioufanya katika mashamba ya mipapai nchini Kenya. Waligundua kwamba wabebaji wakuu wa chavua hiyo ni nondo wa familia ya Sphingidae, wale wanene wa kiwiliwili na wembamba wa mabawa, wanaosimama hewani mbele ya ua huku wakinyonya. Mashamba yaliyokuwa karibu na pori la asili yalipata wageni hao kwa wingi kuliko yaliyokuwa mbali. Mkulima anayefyeka kichaka cha mwisho kilichobaki pembeni mwa shamba hupunguza mapapai yake kwa mkono wake mwenyewe, wala hajui.

Nimeanza na papai kwa sababu wengi wetu tunamjua nondo kwa jambo moja tu, kutoboa nguo kabatini. Hata hilo tunamsingizia. Wanaokula sufu na hariri ni viwavi wa spishi chache mno, na nondo mzima mwenye mabawa hali nguo kabisa. Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina spishi zipatazo 160,000 za vipepeo na nondo kwa pamoja, na karibu tisa katika kila kumi ni nondo. Uingereza, kisiwa chenye baridi na msimu mfupi wa joto, ina spishi za vipepeo zisizofika sitini, lakini za nondo zinakaribia 2,500. Ndiyo maana huko kuwategea nondo uani kumekuwa uraibu wa watu wa kawaida, walimu, mafundi na wastaafu, kwa vizazi kadhaa. Kwetu, penye joto mwaka mzima na mimea isiyohesabika, uraibu huu una wafuasi wachache sana. Sura hii inamlenga mtu ambaye angependa kuwa mmoja wao.

Kwanza taa. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba nondo huifuata taa kwa kuidhania kuwa mwezi, au kwamba huvutwa na joto lake. Januari 2024 kundi la watafiti lililoongozwa na Samuel Fabian na Yash Sondhi lilichapisha maelezo mengine, yaliyotokana na kamera za mwendo wa kasi zilizowarekodi wadudu maabara na porini huko Costa Rica. Mdudu arukaye usiku huuelekeza mgongo wake upande wenye mwangaza zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa mbingu, na kanuni hiyo ilimwezesha kujua juu ni wapi na chini ni wapi hata katika giza. Sasa anapita karibu na balbu. Mgongo unageukia balbu, mwili unapinda, na kila anapojaribu kwenda mbele anajikuta anaizunguka. Akipita juu ya taa iliyoelekezwa angani, hupinduka kabisa, tumbo juu, akaanguka. Haipendi taa ile. Amenaswa nayo.

Ukilielewa hilo, utaitumia taa kwa adabu. Wewe ndiye uliyemvuruga mdudu huyu katika shughuli zake, na muda wake ni mfupi. Wale nondo wakubwa wa familia ya Saturniidae, wenye alama kama macho juu ya mabawa, hawana hata kinywa cha kulia. Walikula walipokuwa viwavi, na sasa wanaishi kwa akiba hiyo kwa siku chache tu, watafute mwenza, watage, wafe. Usiku mmoja wa kuzunguka balbu ni sehemu kubwa ya maisha yao.

Watu wa Bukoba na wa Masaka hawahitaji kufundishwa mtego wa taa. Msimu wa senene ukifika, huwashwa taa kali, husimamishwa mabati yanayong'aa, na chini ya mabati huwekwa mapipa. Senene hujigonga, huteleza, hutumbukia. Mtego maarufu zaidi wa nondo duniani, uliobuniwa Uingereza na ndugu wawili wa ukoo wa Robinson na kuelezwa nao mwaka 1950, unafanya kazi kwa njia iyo hiyo: taa juu, faneli pana katikati, pipa chini. Tofauti ni kwamba ndani ya pipa lile hutiwa trei za mayai, zile za karatasi nzito, ili nondo akishaingia apate kishimo chenye giza, atulie, asijipige na kuharibu mabawa yake hadi asubuhi.

Mtego wa namna hiyo unaweza kuutengeneza kwa ndoo ya lita 20, faneli ya plastiki iliyokatwa mdomo, na trei tatu nne. Mimi napendelea shuka. Mtego unakufaa ukitaka kulala, nao hukupa hesabu nzuri ya usiku mzima. Shuka hukuweka macho, hukuonyesha nani amefika saa ngapi na alitua vipi, na halimfungii mtu yeyote ndani. Funga kamba kati ya miti miwili au nguzo mbili, tandaza juu yake shuka jeupe la pamba, liache liburutike kidogo chini kwa ajili ya wale wanaopenda kutua majanini, kisha ning'iniza taa mbele yake hatua moja hivi.

Kuhusu taa yenyewe, macho ya nondo huona vizuri miale ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni. Balbu ya kawaida ya LED ya nyumbani haina miale hiyo, na utakesha mbele yake ukiambulia mbu. Wazee wa uraibu huu walitumia balbu za mvuke wa zebaki, kali ajabu, zenye joto la kuunguza na kiu kubwa ya umeme. Ulaya zimekwisha kuondolewa madukani. Mwanasayansi Mjerumani Gunnar Brehm alieleza mwaka 2017 taa ndogo ya LED aliyoibuni kwa ajili ya nondo, nyepesi, inayotumia betri ya kubeba mkononi, nayo sasa inatumiwa na watafiti wa nchi nyingi. Kwa anayeanza hapa kwetu kuna njia ya karibu. Zile taa za zambarau zinazoua nzi kwenye bucha na migahawa zina tyubu ya aina inayofaa. Mwombe fundi umeme akufungie tyubu ya namna hiyo peke yake, bila ule wavu wa kuulia. Hata kitaa cha kukagulia noti bandia, kile cha tyubu ya zambarau, huita wadogo wadogo. Usiitazame tyubu moja kwa moja kwa muda mrefu, na ukipata miwani inayozuia miale hiyo, vaa.

Chagua usiku. Mwezi mpevu huharibu kila kitu, kwa sababu mbingu yote inang'aa na taa yako haionekani kitu. Usiku mzuri ni wa giza, wenye joto, mawingu na unyevu, pasipo upepo. Nao ulio bora kuliko zote ni ule unaofuata mvua za kwanza za vuli au masika. Jiandae kwa kumbikumbi, watakaofunika shuka zima kwa saa moja kisha wadondoshe mabawa na kuondoka. Subiri wapite. Mara nyingi wale wakubwa wa Saturniidae huja baada ya saa sita usiku, na aliyekunja shuka saa nne hatawaona.

Usiku usio na umeme, au kwa wale nondo wasiojali taa, jaribu kuwalisha. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, changanya na sukari guru na pombe kidogo ya kienyeji, acha mchanganyiko uchachuke siku mbili, kisha upake kwenye magamba ya miti wakati wa machweo. Pita baadaye na tochi hafifu. Utaona macho yaking'aa mekundu kwenye shina, na kila nondo mrija wake umezamishwa ndani ya uji ule.

Sasa nieleze kwa nini naona kazi hii ina uzito kuliko burudani ya usiku. Kati ya mwaka 1927 na 1929 alikaa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mtaalamu wa wadudu Mwingereza, C. B. Williams. Alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902, na huko aliendelea kufuatilia jambo lililomshughulisha maisha yake yote, uhamaji wa vipepeo na nondo. Baadaye, akiwa kwao, alijiunga na kituo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, na mwaka 1933 akawasha huko mtego wa taa. Hakuchagua nondo wazuri. Alihesabu wote, kila usiku, na kuwaandika.

Mwaka 1935 peke yake mtego ule ulikamata nondo zaidi ya 6,800 wa spishi 197. Spishi sita tu zilitosha kufanya nusu ya wote. Na spishi 37 zilikuja na nondo mmoja mmoja tu kwa mwaka mzima. Hesabu za Williams zilimfikia R. A. Fisher, mwanahisabati mkubwa wa takwimu, pamoja na hesabu za vipepeo wa Malaya zilizokusanywa na Steven Corbet, na mwaka 1943 watatu hao wakatoa makala inayosomwa hadi leo na kila mwanafunzi wa ikolojia. Walionyesha kwamba mchanganyiko huo si bahati: viumbe wachache hujaa, wengi huwa adimu, na idadi ya wale wa mmoja mmoja hufuata mpangilio unaoweza kuandikwa kwa hesabu. Kipimo cha wingi wa spishi kinachobeba jina la Fisher kilitokana na nondo wale.

Maana yake kwa mtu mwenye shuka ni hii. Usiku wowote, sehemu kubwa ya kilichotua mbele yako ni wenyeji wa kila siku, na kati yao wamo wageni wa mara moja. Hawatambuliki kwa uzuri. Yule nondo mwenye rangi ya vumbi, mdogo kama ukucha, aliyetua kwenye pindo la shuka mahali ambapo taa haifiki vizuri, huenda hatarudi tena mbele ya macho yako maisha yako yote, na huenda hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha akiwa hai. Katika misitu yetu ya pwani na ya milima, ambako spishi ni nyingi mno kuliko Rothamsted, safu ya hao wa mmoja mmoja ni ndefu zaidi. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa mpiga picha ni kwamba asianze na yule mkubwa wa kijani mwenye mikia. Huyo, *Argema mimosae*, atakaa hapo hadi alfajiri, na ana picha nyingi tayari. Anza na wadogo, pembeni, mmoja baada ya mwingine.

Picha nzuri ya nondo inahitaji subira kuliko inavyohitaji fedha. Kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo ni neema, lakini simu yenye kilenzi cha kubandika inatosha kwa wengi. Tatizo la kwanza ni weupe wa shuka. Kamera huona nyeupe nyingi, ikadhani pana mwanga kupita kiasi, ikapunguza. Shuka linakuwa la kijivu na nondo anakuwa kivuli. Ongeza mwangaza kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kupiga. Tatizo la pili ni rangi, maana taa ya zambarau humpaka kila mdudu zambarau. Tumia flashi, lakini ifunike kwa karatasi nyeupe au kipande cha chupa ya maziwa ili mwanga wake utawanyike. Flashi tupu hugonga magamba ya mabawa na kurudisha mng'ao unaofuta michoro yote.

Kisha pembe. Nondo wengi hutambuliwa kwa mistari na madoa ya bawa la mbele, kwa hiyo picha ya kwanza ipigwe kutoka juu, lenzi ikiwa sambamba na mabawa, ili yote yawe makali kutoka ncha hadi ncha. Ya pili ipigwe ubavuni, ionyeshe miguu, uso na namna anavyokunja mabawa, kwani wapo wanaoyalaza kama paa la nyumba na wapo wanaoyabandika bapa. Ya tatu ionyeshe vipapasio. Vikiwa kama manyoya ya ndege, yaelekea ni dume, ambaye kwa vipapasio hivyo hunusa harufu ya jike kutoka mbali sana. Weka rula karibu katika picha moja. Bila kipimo, nondo wa milimita nane na wa milimita arobaini huonekana sawa.

Saa nzuri kuliko zote ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Nondo wamepoa, na wanaweza kuhamishwa juu ya kijiti hadi kwenye gamba la mti au jani kavu, na hapo ndipo utakapoona kazi ya rangi zao. Aliyekuwa doa la ovyo kwenye shuka anapotea kabisa juu ya mti wake. Wapo wanaowatia jokofuni ili watulie. Sipendi njia hiyo. Mdudu aliyepoozwa hukaa mkao ambao si wake, na mkao ni sehemu ya utambulisho wake.

Kwa wale wenye mashaka: ni kweli picha haitoshi kwa kila spishi. Kuna makundi ambayo mtaalamu hawezi kuyatenganisha bila kupasua tumbo na kutazama viungo vya uzazi chini ya hadubini, na kwa kazi hiyo makumbusho yana haki ya kuhifadhi vielelezo. Katika Jumba la Makumbusho la Nairobi, lililoitwa Coryndon wakati ule, watu kama Elliot Pinhey na Robert Carcasson walijenga hazina ambayo bila hiyo tusingekuwa na majina ya kuwapa hawa tunaowapiga picha. Lakini mimi na wewe hatuhitaji chupa ya sumu. Picha kali, yenye mahali, tarehe na saa, ikiwekwa kwenye jukwaa kama iNaturalist ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huitazama, ni kumbukumbu kamili. Na mdudu anaendelea kuishi.

Kumbukumbu ya mtego imewahi kuokoa chakula katika nchi hizi. Viwavijeshi wa Afrika, *Spodoptera exempta*, ni watoto wa nondo wa kijivu asiye na sura ya kukumbukwa, anayesafiri usiku na upepo wa mvua. Tangu miaka ya 1960 mitego ya taa iliwekwa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki ili kuhesabu nondo hao, na baadaye ikaongezwa mitego ya harufu ya jike. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa kitovu cha kupokea hesabu hizo kwa Tanzania. Idadi ikipanda ghafla na mvua ikanyesha, wakulima wa mahindi na malisho huambiwa watazame mashamba yao kabla viwavi hawajaonekana kwa macho. Kila aliyeandika namba yake kwa uaminifu, hata ikiwa sifuri, alikuwa sehemu ya onyo hilo.

Kuna mambo ya usalama ambayo siwezi kuyaruka. Mbu ndio wa kwanza: vaa mikono mirefu na soksi. Wa pili ni mbawakavu mwembamba mwenye mikanda miekundu na myeusi, anayejulikana kama nzi wa Nairobi ingawa si nzi. Naye hupenda taa, hasa wakati wa mvua. Hang'ati wala haumi, lakini ukimponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake huunguza na kuacha malengelenge kwa siku nyingi. Akitua shingoni, mpulize. Ukishamgusa, nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho.

La tatu ni majirani. Mtu aliyesimama peke yake saa nane usiku mbele ya shuka jeupe linalong'aa zambarau, katika mtaa wowote wa kwetu, atatafsiriwa kwa namna moja tu, na si namna nzuri. Usiwalaumu. Pita mapema ukamwambie mwenyekiti wa mtaa, uwaambie walinzi wa usiku, na uwaalike watoto wa jirani waje na wazazi wao kwa saa ya kwanza. Mzee akikuuliza unatafuta nini, mwitikie kwa heshima, mwonyeshe mdudu aliyetua, umwulize jina lake kwa lugha ya nyumbani na mti anaoula kiwavi wake. Mara nyingi atajua, na hilo la mti ni jambo ambalo vitabu vingi havina. Ndani ya hifadhi ya msitu, omba ruhusa ya wasimamizi kwanza.

Zima taa kabla hakujapambazuka. Ndege hujifunza upesi kwamba pana karamu, na asubuhi ya pili utawakuta wamekutangulia. Kung'uta shuka taratibu ndani ya kichaka kizito, si uwanjani, na usiwashe taa mahali pale pale usiku unaofuata. Wape nafasi ya kula, kupandana na kutaga.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, geukia viwavi. Kwa sehemu kubwa ya nondo wa Afrika, hakuna aliyeandika kiwavi wao anafananaje wala anakula nini. Ukikuta kiwavi juu ya jani, usimshike kwa vidole, kwani wengine wana manyoya yanayowasha vibaya. Kata kitawi kizima, kitie kwenye chupa kubwa yenye kitambaa mdomoni na udongo wenye unyevu chini, na ubadilishe majani ya mti ule ule kila siku. Mpige kiwavi picha kila anapojivua ngozi. Atajizika udongoni au atajisokotea kifuko, akae wiki mbili, au miezi kadhaa hadi mvua irudi. Siku nondo akitoka, mwache akaushe mabawa, mpige picha zile tatu, umwachie usiku. Kisha andika pamoja, kwenye mstari mmoja, jina la mti, tarehe zote mbili, na picha ya kiwavi kando ya picha ya nondo.